Petroli Kivulini

Ukiuliza Mwamihambo ni nyumba gani ambayo moto wa porini hauwezi kuigusa, utaelekezwa kwa Eustadia, mjane wa marehemu Anselm. Uwanja wake umefagiliwa hadi unaona aibu kuukanyaga na viatu. Kuni zimepangwa mbali, upande wa pili wa uwanja, hakuna hata kijiti kilichoegemea ukuta. Nyasi za kuezekea zina kibanda chake. Petroli nayo ina kijumba cha tofali chenye mlango wa bati, na imo ndani ya madumu mekundu yaliyoandikwa kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, hata mwenye macho mabovu asome. Watu huja kutazama. Eustadia huwazungusha, hujibu maswali yao, na wakishaondoka huingia ndani akajilaza kitandani na kanga usoni. Hapendi kusifiwa kwa sababu ya uwanja ule.

Hakuwa hivyo zamani. Zamani alikuwa kama sisi wengine, mtu wa kusikia nusu na kuiacha nusu.

Mwamihambo iko kando ya barabara ya vumbi inayofuata ile njia ya kale ya misafara, iliyotoka pwani ikapita Tabora na kuendelea hadi Ujiji. Enzi hizo wapagazi walitua hapo kutafuta unga. Siku hizi wanaotua ni bodaboda walioishiwa mafuta, maana kituo cha mafuta kiko mjini, na dereva wa bodaboda hajazi tangi mpaka pikipiki imwadhiri mbele ya abiria. Anselm alipofariki, na mtoto wao Valentino akiwa amezama Dar es Salaam na mambo yake, Eustadia aliweka meza barabarani akaanza kuuza petroli kwa chupa. Biashara ilimkubali. Petroli yenyewe aliiweka chini ya kitanda, karibu na sanduku la nguo, na alilala juu yake usingizi mnono.

Kiangazi kimoja akaja bwana misitu, kijana anaitwa Xavery, mpole lakini king'ang'anizi. Aliitisha mkutano akasema mwaka huo nyasi zimekuwa ndefu, majani ya miombo yamejaa chini, na moto utakuja kama unavyokuja kila mwaka, uwe umewashwa na warina asali, au wachungaji wanaotaka majani mapya, au yule mtu asiyejulikana ambaye huwa hakosi. Akawaambia wafyeke njia ya kuzuia moto kuzunguka kaya zao. Kuni zisiegemee ukuta wa nyumba wala wa jiko. Nyasi za kuezekea zisirundikwe upenuni. Petroli isikae ndani wanakolala watu, isikae juani, isikae karibu na jiko. Ijengewe kijumba chake mbali, na chombo chake kisifanane na chombo kingine chochote cha nyumbani.

Eustadia alisikiliza kwa adabu, mikono mapajani. Aliporudi nyumbani alikuwa amebaki na maneno mawili: isikae ndani, isikae juani. Hayo aliyatii siku ileile. Aliyatoa madumu chini ya kitanda akatafuta kivuli. Mchana wa kiangazi kaya yake ilikuwa na kivuli kimoja tu cha maana, chini ya upenu wa jiko upande wa nyuma, na hapo ndipo yalipokuwa yanakaa madumu ya maji. Akayasogeza ya maji kidogo, akayaweka ya petroli pembeni yake. Upande wa pili zilikuwa kuni, zimepangwa ukutani hadi kwenye bati, maana kule mwanamke anayejiheshimu hakubali kiangazi kimkute bila ukuta wa kuni. Kuzihamisha kuni zile aliona ni kujidhalilisha bure. Watu wangepita wakadhani hana.

Usidhani alikuwa mzembe kabisa. Madumu yote yalikuwa yaleyale ya njano yaliyokwisha mafuta ya kula, na alijua yanaweza kumchanganya. Alikuwa na madumu ya zamani, yenye vifuniko vilivyolegea, aliyoyafunga kitambaa chekundu cha kitenge kwenye mshikio tangu Anselm alipokuwa hai. Hayo aliyaondoa kwenye kazi ya maji akahamishia petroli humo. Ya maji alinunua mengine, akayachora msalaba kwa msumari wa moto. Kwa hiyo kwake jambo lilikuwa wazi: lenye kitambaa ni petroli, lenye msalaba ni maji. Akaridhika. Alimwambia hata Nurdini, dereva wa bodaboda aliyekuwa mteja wake mkubwa, kwamba sasa mambo yake yana mpangilio.

Alichosahau ni kile ambacho kila mwanamke wa Mwamihambo anakijua bila kufundishwa. Kwenye kisima cha pampu, foleni ikiwa ndefu, wanawake huacha madumu yao yashike nafasi na wao wakaendelea na shughuli. Dumu linatambulika kwa kitambaa chake. Cha bluu cha fulani, cha maua cha fulani, na chekundu, kwa miaka yote hiyo, cha mama Valentino. Kijiji kizima kilikijua kitambaa kile. Kilimaanisha maji ya Eustadia.

Jirani yake wa ng'ambo ya barabara alikuwa Recheli, mama Julieth, Mmoraviani, mwimbaji wa sauti ya pili, mwanamke mrefu mwenye maneno machache na jembe lisilochoka. Eustadia ni Mkatoliki, lakini dini haikuwahi kuwatenganisha zaidi ya Jumapili asubuhi. Walizika waume zao mwaka mmoja. Walilimiana mashamba. Recheli akipika mlenda, bakuli la Eustadia lilikuwa limeshahesabiwa.

Siku ya moto Eustadia hakuwepo. Alikuwa Ipuli, mjini, kwa dada yake Bernadeta aliyekuwa anaumwa. Upepo uligeuka baada ya saa sita mchana, na moto uliokuwa ukijivuta taratibu porini ukapata nguvu ukaja na nyasi hadi nyuma ya kaya. Waliokuwepo wanasema haukuwa mkubwa ulipofika. Ulilamba nyasi za kuezekea zilizorundikwa upenuni, ukaanza kushika kuni za chini. Dumu moja la maji lingetosha, na hilo ndilo linalowauma wote hadi leo.

Recheli aliuona akiwa shambani. Alitupa jembe akakimbia, akafika kabla ya mtu yeyote. Moshi ulikuwa umejaa kila mahali, macho yanamtoka machozi. Alipapasa upenuni, mkono ukakuta kitambaa, akatazama, ni chekundu. Alilinyanyua dumu lile mpaka kifuani akalimwaga kwenye kuni.

Nurdini alikuwa anakuja nyuma yake. Yeye ndiye aliyemvingirisha kwenye mchanga, akavua koti lake akamfunika, akampakia na mtu wa kumshikilia nyuma, akampeleka hospitali mjini. Nyumba ya Eustadia iliungua yote pamoja na jiko. Eustadia aliporudi jioni alikuta bati zimejikunja na watu wamekaa mchangani, akapiga ukunga kwa ajili ya nyumba yake, hajajua bado kwamba kuna jingine.

Recheli alikaa wodini mpaka mvua zikaanza. Mikono yake yote miwili iliungua, na shingo. Eustadia alikwenda kumwona kila alipopata usafiri, lakini siku zile Recheli alikuwa hawezi mazungumzo, na Eustadia alikaa tu pembeni ya kitanda akifukuza nzi na kulia.

Ni katika kipindi hicho ulipofanyika mkutano wa kitongoji kuhusu moto. Mwenyekiti, mzee Wilbroad, ni mtu mwema ila ana ugonjwa wa kutaka kila jambo liwe na fundisho. Akasimama akasema moto unataka akili, si haraka. "Mnaona yaliyompata mama Julieth. Mtu unanyanyua petroli, hunusi, humwagi kidogo ujaribu, unamwaga yote! Petroli na maji hata mtoto anatofautisha." Watu wakatikisa vichwa, wakasema pole yake masikini. Kisha mzee Wilbroad akamgeukia Eustadia. "Mama Valentino, si ulikuwa umeyawekea alama madumu yako?"

"Nilikuwa nimeyawekea alama," Eustadia akasema.

Hakusema uongo. Hakuna neno la uongo katika sentensi ile. Lakini alipomaliza aliketi haraka. Toka hapo ikawa imethibitishwa: alama ilikuwepo, Recheli ndiye aliyekosa akili. Na kwa kuwa sisi watu hatuwezi kukaa na msiba bila kuutania, wahuni wa kijiweni wakampa Recheli jina. Wakamwita Zimamoto. Alipotoka hospitali alilikuta jina limeshakomaa linamsubiri.

Mikono ilipona kwa namna yake. Vidole vilikuwa vimejikunja kuelekea viganjani, ngozi imevuta, asiweze kushika jembe wala kijiko. Eustadia alikuwa anaishi kwenye chumba kimoja kilichojengwa haraka kwa nguvu za kanisa na majirani, na kila asubuhi alivuka barabara kumpikia uji na kumlisha. Siku moja, kati ya kijiko na kijiko, Recheli alisema:

"Niliona kitambaa chako."

"Kitambaa gani, mama Julieth?"

"Chekundu. Nikajiambia, haya ni maji ya mama Valentino, hawezi kuninunia nikiyamwaga." Alimeza uji. "Wananiambia sikunusa. Ninuse nini? Kijiji kizima kilikuwa moshi."

Eustadia alikirudisha kijiko bakulini. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya, chote kwa pamoja, kuanzia kivuli hadi mkutano. Alikuwa ameweka petroli mahali pa maji, ndani ya dumu la maji, akaifunga alama ambayo kijiji kizima kilisoma maji, halafu akasimama mbele ya watu akasema aliweka alama.

"Mkutanoni ulikuwepo," Recheli akaendelea, bila ukali. "Ulisema nini?"

"Nilisema nilikuwa nimeweka alama."

"Ni kweli uliweka," Recheli akasema, akafungua mdomo kwa kijiko kingine.

Angelisema siku ile. Angelitoka pale akaenda kwa mwenyekiti akamwambia, mzee, yule mwanamke hakukosa akili, nimekosa mimi. Njia ya kwenda kwa mzee Wilbroad si ndefu. Lakini Eustadia aliona haya, na haya ikikaa siku moja huzoea. Alijiambia atasema mkutano ujao. Ulipofika mkutano ujao palikuwa na habari za mbolea ya tumbaku, akaona si mahali pake. Kisha akajiambia kwamba Recheli mwenyewe hajamwomba. Alijua anajidanganya, akaendelea.

Badala ya neno lile moja alitoa kila kitu kingine. Alimlimia Recheli shamba kabla ya lake. Alimchotea maji, alimfulia, alimsuka. Na uwanja wake mpya aliujenga kama mtu anayelipa deni kwa asiyemdai. Maneno yote ya Xavery aliyoyaacha mara ya kwanza aliyarudia moja moja: kuni mbali, nyasi mbali, majani makavu yafagiliwe kila siku hata juu ya bati, njia ya kuzuia moto ifyekwe mpaka mgongo uume, petroli kijumbani, kijumba mbali na upepo wa jiko, dumu jekundu kwa petroli tu na kwa kingine chochote marufuku. Akawa mkali kwa wenzake pia. Alikuwa akipita kwa watu akikuta chupa ya petroli dirishani anaibeba mwenyewe kuipeleka nje, na mwenye nyumba akinuna, anune.

Xavery alifurahi mno. Mwaka wa pili akaleta wageni, watu wa vijiji vingine, kuja kujifunza kwa Eustadia. Recheli alikuwepo. Alikuwa amevuka barabara kama kawaida yake ya mchana, amekaa kwenye kigoda kivulini, mikono ameifunika kwa kanga. Wageni wakazungushwa. Xavery, ambaye hakuwa na nia mbaya hata kidogo na wala hakumjua mwanamke aliyekaa pale, akaeleza jinsi nyumba ya zamani ilivyoungua. "Mama huyu alikuwa ameyawekea alama madumu yake," akasema, "lakini jirani mmoja kwa papara akachukua bila kuangalia. Ndiyo maana leo tunasema alama haitoshi, lazima chombo chenyewe kiwe tofauti. Si ndivyo, mama?"

Wageni wote walimgeukia Eustadia. Recheli pia alimtazama. Hakumtazama kwa hasira, alimtazama kama mtu aliyesimama kituoni anayeona basi linakuja na hajui kama litasimama.

"Ndiyo," Eustadia akasema. "Ndivyo."

Recheli aliinuka, akajifunga kanga kwa shida kwa viwiko, akavuka barabara. Hakuaga. Jioni ile alimwomba jirani mwingine ampigie simu binti yake Julieth, aliyeolewa Igunga.

Julieth alikuja kabla wiki haijaisha. Eustadia alisikia kisimani, kwa watu, kwamba Recheli anahamia Igunga, akaacha madumu yake kwenye foleni akaenda mbio. Alimkuta Recheli amekaa juu ya furushi, Julieth yuko ndani anafunga magodoro. Hapo Eustadia alipiga magoti mavumbini, mtu mzima, akasema yote. Alisema haukuwa ujinga wa Recheli. Alisema kitambaa kilikuwa cha maji na yeye ndiye aliyekigeuza bila kumwambia mtu. Alisema alilijua hilo tangu siku ile ya uji na alinyamaza kwa sababu ya haya. Alilia mpaka kamasi.

"Inuka, mama Valentino," Recheli akasema. "Utachafua nguo."

"Nisamehe."

"Nilikusamehe wodini. Hilo lilikuwa jepesi. Mtu anaweza kukosea pa kuweka dumu." Alitazama barabarani. "Nilikuwa nakungoja ulisemee jina langu. Nililifikiria kila ulipokuja na uji. Nikasema leo. Nikasema labda kesho. Nimeshiba uji wako, mwenzangu, nimechoka kungoja."

"Nitasema. Jumapili hii nitasema mbele ya watu wote."

"Sema," Recheli akajibu. "Mimi Jumapili nitakuwa Igunga."

Na alisema kweli, hilo lazima tulikubali. Baada ya misa, watu wakiwa wamekusanyika kwa mzee Wilbroad, Eustadia alisimama bila kuitwa akaeleza habari ya kitambaa toka mwanzo hadi mwisho, sauti inakatika. Alitegemea watashtuka. Alitegemea hata matusi, na alikuwa tayari kuyapokea. Wakamtazama kwa huruma. Mzee Wilbroad akasema, "Mama Valentino, mambo yale yameshapita, usijitese," akahamia kwenye suala la mchango wa shule. Mwanamke mmoja akamshika bega akamwambia ana moyo mzuri sana kumtetea jirani namna ile.

Alirudi nyumbani akapiga simu Igunga. Ilipokelewa na Julieth, naye Eustadia akaombwa asubiri, kisha akasikia pumzi ya Recheli.

"Nimesema," Eustadia akasema. "Leo. Mbele ya wote."

"Walisemaje?"

Eustadia alifikiri amdanganye. Aliona amekwisha kumdanganya vya kutosha kwa kusema kweli. "Wamesema yameshapita. Wanadhani nakutetea tu."

Nyuma ya Recheli zilisikika honi za malori ya barabara kuu na mtoto akiuliza kitu.

"Haya," akasema. "Nimesikia. Ngoja niache, Julieth ndiye ananishikia simu sikioni, mkono wake umechoka. Akipumzika tutakupigia."

Simu ikakatika. Eustadia alikaa mlangoni akiwa nayo kiganjani, hata bodaboda walipopiga honi kwenye meza ya petroli hakuinuka. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tano, na tangu hapo kiangazi kimekuja na kupita. Hawajapiga.